Gari la makazi linapovuja katikati ya majira ya baridi

Kuvuja kwa gari la makazi katika majira ya baridi kuna taabu yake ya pekee: maji hayaonekani pale yalipoingilia, wala hayaonekani wakati ule yalipoingia. Bomba hupasuka usiku wa baridi kali likiwa limezibwa na barafu yake lenyewe, kisha hukaa kimya siku kadhaa, na siku baridi inapolegea na barafu kuyeyuka ndipo sakafu inapolowa. Theluji iliyolala juu ya paa huweza kumaliza wiki nzima bila kudondosha tone moja ndani, halafu joto la hita linapopenya darini huiyeyusha kwa upande wa chini, na maji yake hupita katika tundu la skrubu ambalo mvua za kawaida hazikuwahi kulifikia. Ndiyo maana mtu anayeishi au kusafiri ndani ya gari la namna hii, liwe ni karavani ya kuvutwa au gari lenye injini yake, hupaswa kujua kwanza ni maji gani anayoyaona kabla hajashika kitu chochote cha kuzibia. Nimewaona wengi wakifanya kinyume. Doa linajitokeza darini, gundi inapakwa juu ya paa kila penye skrubu, na baada ya muda doa liko palepale, tena limepanuka.

Vyanzo vya maji hayo ni vitatu tu: paa na kuta, mabomba, na sisi wenyewe tunaopumua, kupika na kuoga ndani. Ninaanza na hicho cha mwisho kwa sababu ndicho kinachotajwa kwa nadra, ilhali mara nyingi ndicho chenye makosa. Hewa ya ndani yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 12 hivi. Nje kukiwa kumeganda, fremu ya alumini ya dirisha, ukuta ulio nyuma ya kabati, vichwa vya skrubu za dari na upande wa chini wa godoro vyote huwa na ubaridi unaopita huo. Jiko la gesi nalo huongeza mzigo, kwa kuwa kila kilo moja ya propani inayoungua huzaa takriban kilo 1.6 za maji katika umbo la mvuke. Anayeliacha jiko liwake ili lipashe chumba joto huwa anazilowesha kuta zake mwenyewe, mbali na hatari ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe yatosha kuwa sababu ya kuacha mtindo huo mara moja.

Kutofautisha jasho la kuta na uvujaji wa kweli hakuhitaji kifaa cha gharama. Mimi hupangusa sehemu yenye unyevu hadi ikauke, nikabandika juu yake kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, nikakiziba pande zote nne kwa tepu, kisha nikaacha usiku upite. Matone yakionekana juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji yametoka katika hewa tunayoivuta. Yakionekana nyuma yake, baina ya nailoni na ukuta, yanatoka ndani ya ukuta, na hapo kazi ya kutafuta huanza. Dalili nyingine husaidia pia: jasho hufuata fremu na kona, huzidi alfajiri wakati watu wamelala kwa saa nyingi, na hutoweka gari likipata hewa. Doa la uvujaji lina ukingo wa rangi ya kahawia, kwa sababu maji yamepita kwenye mbao na gundi kabla ya kutokeza, nalo hufuata ratiba ya mvua na kuyeyuka kwa theluji badala ya ratiba yetu ya kulala. Dawa ya jasho ni hewa. Dirisha la paa liachwe wazi kidogo hata kama roho inaumia kuona joto likipotea, godoro liinuliwe juu ya vijiti, na kipimaunyevu kiwekwe mahali kinapoonekana ili unyevu usipande sana kupita asilimia 50.

Sasa mabomba, ambayo ndiyo sehemu yenye mambo mengi. Maji yanapoganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani kwamba barafu hulisukuma bomba kwa nje mpaka likachanika palepale ilipoganda, lakini mara nyingi sivyo inavyotokea. Barafu hujenga kizibo, kizibo hicho huendelea kukua kuelekea kwenye koki iliyofungwa, na maji yaliyobanwa kati ya kizibo na koki hukosa pa kwenda hadi presha ikashinda sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo mpasuko huweza kuwa mbali na mahali palipoganda, hata upande ambao mkono ukiugusa unauona una joto. Bomba lenyewe, likiwa la plastiki ya aina ya PEX, hunyumbuka na mara nyingi husalimika. Zinazovunjika ni zile sehemu ngumu zilizounganishwa nalo: elbo na tii za plastiki, mwili wa koki, kikombe cha chujio, kichwa cha pampu, vali ndogo iliyo kwenye tundu la kuunganishia mpira wa maji wa nje, na vali ya choo. Shawa ya nje, ile inayokaa ndani ya kijisanduku chenye mlango mwembamba ukutani, ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa sababu iko karibu kabisa na baridi na hakuna anayeikumbuka, maana wakati huo wa mwaka hakuna anayeoga nje.

Katika gari lenye pampu ya presha, pampu hiyohiyo ndiyo mpelelezi wako. Nyingi kati ya hizo hujizima presha inapofika psi 45 hadi 55, yaani kati ya bar 3 na 4, na hazipaswi kuwaka tena mpaka koki ifunguliwe. Funga koki zote, zima hita na feni na kila kitu chenye mlio, kisha keti usikilize. Ikiwa pampu inakoroma kwa kitambo kidogo kisha inanyamaza, halafu baada ya dakika kadhaa inakoroma tena pasipo mtu kugusa koki, presha inapotea mahali fulani. Kadiri vipindi vinavyokaribiana ndivyo tundu lilivyo kubwa. Baadhi ya magari, hasa mengi yaliyotengenezwa Ulaya, hutumia pampu ndogo ya kuzamishwa tangini inayowashwa na swichi iliyomo ndani ya koki. Hiyo haitakuambia lolote, na itabidi macho yafanye kazi ya masikio.

Si kila mkoromo wa pampu ni bomba lililopasuka, na hapa subira huokoa fedha nyingi. Vali iliyomo ndani ya pampu ikichakaa huruhusu maji yarudi tangini kimyakimya, presha ikashuka, na hakuna tone linaloanguka popote. Mpira wa vali ya choo ukishika uchafu, maji hupenya polepole na kuingia katika bakuli. Lipo na jambo la tatu ambalo limewatisha watu wengi kambini: gari limeunganishwa na maji ya bomba la nje, vali ileile ya pampu imechoka, na maji ya nje yanaingia tangini kwa mlango wa nyuma mpaka tangi linajaa na kufurika kupitia bomba lake la kupumulia. Mwenye gari anaona dimbwi linalogeuka barafu chini ya gari, anaamini kwamba bomba limepasuka, na anaanza kubandua sakafu. Kabla ya kubandua chochote, tazama kipimo cha tangi la maji safi. Ikiwa linajaa lenyewe bila wewe kulijaza, umeshapata jibu.

Kwa namna hiyohiyo, magari kadhaa yana vali ya usalama kwenye hita ya maji ambayo hufunguka yenyewe joto linapoteremka kufikia nyuzi 3 hivi, ikamwaga maji yote ya hita nje ili yasigande humo. Ukiamka ukakuta maji yamemwagika chini ya gari na koki hazitoi kitu, vali hiyo huenda imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, nayo haikubali kufungwa tena mpaka mahali ilipo papate joto la kutosha, ambalo kwa vali zilizoenea sana ni zaidi ya nyuzi 7. Hita za tangi za mtindo mwingine zina vali ya kupunguza presha na joto inayotazama nje, ambayo hudondosha matone machache wakati maji yanapopashwa moto. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba nafasi ya hewa iliyokuwa juu ya tangi imekwisha kumezwa na maji. Huirudisha ukizima hita, ukaacha maji yapoe, ukazima pampu na kufunga maji ya nje, ukafungua koki ya maji moto ili presha itoke, kisha ukainua kishikio cha vali mpaka maji yakome kutoka. Wakati wa joto hakuna anayeyaona matone hayo. Wakati wa baridi hujenga mkuki wa barafu ukutani, na mkuki huo hutisha kuliko unavyostahili.

Mambo yote hayo yakiondolewa na pampu bado inakoroma, hapo ni kupiga magoti. Gari letu lilipotuamsha na mlio huo usiku mmoja baada ya baridi kulegea, nilifungua kabati la chini ya sinki nikamulika kwa tochi, na kila kitu kilionekana kikavu. Macho peke yake hudanganyika, kwa sababu tone dogo hutambaa upande wa chini wa bomba na kudondoka hatua mbili mbele. Nilichukua karatasi laini ya choo, nikaivingirisha kwenye kila kiungio kimoja baada ya kingine, nikahesabu polepole, kisha nikaivua na kuitazama kwenye mwanga. Kwenye elbo ya mwisho, iliyojificha nyuma ya bomba la maji machafu, karatasi ilitoka na mstari mmoja wa maji usiozidi upana wa uzi. Ufa wenyewe haukuonekana mpaka nilipoikata elbo hiyo na kuikunja kwa vidole; hapo ukafunguka kwenye kona ya ndani, mahali ambapo plastiki hupinda. Tone kama hilo lilikuwa likiingia chini ya kapeti bila kelele, na laiti pampu ingekuwa ya aina ya kimya tungelijua tu baada ya ubao kuoza.

Kwa ajili ya dharura ninaweka ndani ya gari viungio vichache vya kusukumiwa kwa mkono, soketi, elbo na vifuniko vya mwisho, pamoja na kisu cha kukatia bomba. Kipimo kijulikane mapema, kwa kuwa magari ya Amerika Kaskazini kwa kawaida hutumia PEX ya nusu inchi, na mengi ya Ulaya hutumia bomba gumu la milimita 12 au mpira wa milimita 10, na kiungio cha kimoja hakishiki kwenye kingine. Bomba likatwe mraba, lisiwe na makovu mahali litakapoingia, na lisukumwe mpaka lifike mwisho. Usipoteze muda kuzungusha tepu ya umeme juu ya bomba lenye presha. Tepu ya silikoni inayojishika yenyewe inaweza kukufikisha asubuhi, lakini zaidi ya hapo si wa kuitegemea. Nati za plastiki za mabomba ya gari nazo zina tabia yake: nyingi zina wasa ya mpira yenye umbo la koni ndani, hivyo hufungwa kwa mkono na kuongezewa kidogo tu, wala hazitaki tepu ya nyuzi. Anayezikaza kwa spana kwa nguvu zake zote huzipasua, kisha huilaumu baridi.

Kuyeyusha bomba lililoganda kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaoamua kama utapata tone moja au ndoo nzima. Pampu izimwe na maji ya nje yafungwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ikiwa kuna mpasuko, barafu ndiyo iliyoushikilia, na barafu ikiachia huku presha ipo maji yatamwagika ndani ya ukuta. Koki iliyo mwisho wa bomba hilo ifunguliwe ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Milango ya makabati ifunguliwe, hita iwashwe, na ikibidi itumike mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma kuelekea palipoziba. Moto wa wazi usikaribie kabisa, maana nyuma ya paneli hizo kuna sponji, mbao kavu, nyaya na mara nyingine bomba la gesi. Maji yakishaanza kupita, washa pampu kwa muda mfupi, zima, kisha pita na tochi yako. Ikiwa maji yamegusa sehemu yenye nyaya, umeme wa nje uchomolewe kwanza na fyuzi ya upande wa betri itolewe, hata kama maana yake ni kufanya kazi ukiwa umevaa koti.

Ushauri wa kuacha koki idondoke usiku kucha, unaofaa katika nyumba ya kawaida, haufai ndani ya gari. Matone hayo huenda kwenye bomba la maji machafu linaloning'inia chini ya sakafu, yakaganda safu juu ya safu mpaka bomba likaziba, au yakajaza tangi la maji machafu kabla ya mapambazuko. Valvu za maji machafu zibaki zimefungwa, na tangi lifunguliwe likiwa na kiasi cha kutosha kutoka kwa kishindo. Mpira wa maji wa nje nao ni afadhali ukatumika kujaza tangi la ndani, kisha ukakatwa, ukamwagwa maji na kuwekwa ndani, kuliko kuachwa umeunganishwa usiku. Wenye kukaa mahali pamoja msimu mzima hufunga waya wa joto wenye kidhibiti kwenye mpira huo na kuzungushia sketi ya turubai chini ya gari ili upepo usipite. Sketi hiyo husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwani upepo unaopita chini ya sakafu ndio unaowahi kuyapoza mabomba.

Gari lisilokaliwa wakati wa baridi halipaswi kuwa na maji kabisa. Zipo njia mbili, ya kupuliza mabomba kwa kompresa na ya kuyajaza kimiminika cha kuzuia kuganda, nami naipendelea ya pili kwa sababu hewa hupita juu ya maji yaliyolala katika mikunjo ya chini na kuyaacha humo. Atakayepuliza asipitishe bar 3. Kimiminika kiwe ni kile cha propilini glaikoli kilichotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Cha radieta ya gari, ambacho kwa kawaida ni ethilini glaikoli, ni sumu. Hita iwe imepoa, imwagwe maji na irukwe kwa koki zake za kupitisha pembeni, kisha koki zote zifunguliwe moja baada ya nyingine, za moto na za baridi, pamoja na choo na ile shawa ya nje, mpaka rangi ya kimiminika hicho itokee. Swichi ya hita ya umeme ifungwe na ibandikwe karatasi ya onyo, maana ikiwashwa tangi likiwa tupu chuma chake cha joto huungua. Usishtuke kuona kimiminika kimekuwa uji wa barafu kabla ya kufikia nyuzi zilizoandikwa kwenye chupa: kile kilichoandikwa ni kiwango cha kulinda bomba lisipasuke, na uji huo bado una nafasi ya kusogea. Kinachokidhoofisha ni maji yaliyobaki mabombani, yanayokizimua.

Paa linataka maelezo machache, ingawa madhara yake ni makubwa kuliko ya mabomba. Maji hupenya kwenye skrubu na kingo: mzingo wa dirisha la paa, kona za juu za mbele, ngazi ya nyuma, taa ndogo za juu, reli ya turubai la kivuli, na gasketi ya kiyoyozi. Gundi iliyokauka hupata nyufa, maji huingia, huganda, huzipanua, huyeyuka na kuingia zaidi. Joto la ndani linapoyeyusha theluji katikati ya paa, maji huteremka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yakaganda na kujenga ukuta mdogo wa barafu. Maji yanayofuata hutuama nyuma yake, na paa lililotengenezwa ili maji yapite juu yake halikutengenezwa kubeba bwawa. Uzito nao si mchezo. Theluji iliyolowa hufika kilo 300 kwa mita ya ujazo na zaidi, kwa hiyo sentimita 20 za theluji hiyo juu ya paa la mita za mraba 15 ni kilo 900. Iondolewe kwa ufagio laini wenye mpini mrefu, mtu akiwa amesimama chini au kwenye ngazi iliyoshikiliwa na mwenzake. Koleo la chuma huchana paa la mpira, na kutembea juu ya paa lenye barafu ni kujitafutia mkono wa plasta. Chumba cha pembeni kinachosukumwa nje kisirudishwe ndani kabla sehemu yake ya juu haijafagiliwa barafu, ambayo vinginevyo hupita chini ya mipira ya kuzibia na kuyeyukia juu ya sakafu.

Mahali doa lilipo si mahali maji yalipoingilia, na hilo halina ubishi. Maji hufuata mteremko wa paa, hushuka kwa fremu, huzunguka sponji, kisha hutokeza penye upenyo wa kwanza, pengine kwenye taa ya dari iliyo mbali na tundu lenyewe. Kwa sababu hiyo huwa natafuta upande wa juu wa mteremko kutoka kwenye doa, nikikumbuka namna gari lilivyoegeshwa usiku huo. Ukingo wa doa huuzungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe, ili baada ya theluji nyingine nijue kwa hakika kama limetambaa au limetulia.

Kuziba paa wakati wa baridi ni kazi ya muda tu, na inafaa kukubaliwa hivyo tangu mwanzo. Gundi nyingi za paa, zile zinazojitandaza zenyewe, hazishiki vizuri chini ya nyuzi 5 hivi, na hazishiki kabisa juu ya unyevu au sakitu. Ikiwa ni lazima, ngoja saa za mchana zenye jua, kausha mahali hapo kwa kitambaa na hewa ya moto, uweke chupa ya gundi ndani ya gari mpaka ipate joto, kisha utumie tepu ya butili, yaani mpira laini unaonata, yenye mgongo wa alumini au plastiki ukiikandamiza kwa rola. Turubai lililofungwa vema ni bora kuliko gundi iliyopakwa juu ya maji, kwa kuwa kiraka kilichobandikwa juu ya unyevu huufungia ndani, na mbao zilizofungiwa unyevu huoza hata baada ya mvua kukoma. Silikoni ya madirisha ya nyumba iachwe dukani. Haishiki vizuri kwenye mapaa ya mpira, na ikishapakwa, karibu hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika juu ya mabaki yake.

Chanzo kikishazuiwa, kukausha ni kazi kamili, wala si kuacha dirisha wazi na kuondoka. Kipimaunyevu cha mbao, kile chenye sindano mbili, hunionyesha ukweli ambao kiganja hakiwezi kuuhisi: chini ya asilimia 15 sina wasiwasi, juu ya 20 ninaanza kutafuta sababu, na ikipita 30 huwa ninatarajia kukuta ubao uliolainika. Paneli ya ndani ivuliwe, sponji iliyolowa itolewe, feni ielekezwe kwenye fremu. Mashine ya kuondoa unyevu iwe ya aina inayotumia kemikali ya kufyonza, kwa kuwa ile ya kompresa hupoteza nguvu chumba kinapokuwa baridi. Sakafu ikibonyea chini ya mguu, au ukuta wa nje ukiwa na uvimbe kama malengelenge, tabaka zake zimeshaachana, na hapo hakuna kukausha kutakakozirudisha pamoja. Ni kukata na kuweka mbao mpya.

Ukarabati wa kudumu wa paa hungoja majira yenye joto. Gundi ya zamani huondolewa kwa kikwangulio cha plastiki, mahali pakasafishwa kwa dawa isiyo na mafuta ya petroli ikiwa paa ni la mpira, fremu ya dirisha la paa ikainuliwa kabisa badala ya kuzibwa kwa juu, tepu mpya ya butili ikawekwa chini yake, skrubu zikakazwa kwa zamu kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na mwisho gundi ya kujitandaza ikamiminwa juu ya kila kichwa cha skrubu na kando ya ukingo wote. Kwa kuta zilizosimama hutumika ile isiyotiririka. Baadaye nakagua paa hilo mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi na baada yake, nikiwa na tochi hata kama ni mchana, kwa sababu mwanga unaopigwa kwa ubavu huonyesha nyufa ambazo jua la utosini huzifuta.